Mahakama Mbili katika Mgomo wa Reli

Tarehe 10 Oktoba, 1947, wafanyakazi wa reli katika Afrika ya Magharibi iliyotawaliwa na Wafaransa waliweka zana zao chini, wakaenda makwao, na mgomo wao haukwisha mpaka tarehe 19 Machi, 1948. Walikuwa karibu watu 20,000. Walidai jambo ambalo leo halimshangazi mtu: kwamba fundi Mwafrika na fundi Mzungu wanaofanya kazi moja wawekwe katika daraja moja, na wapate posho ya jamaa na haki nyingine kwa kanuni moja. Mwaka 1960 mwandishi wa Senegali, Sembène Ousmane, alitoa riwaya juu ya mgomo huo kwa lugha ya Kifaransa, akaiita Les bouts de bois de Dieu. Kwa Kiswahili tungesema Vipande vya Miti vya Mungu. Nataka kuizungumzia riwaya hiyo hapa, si kwa kuwa ni maarufu, ingawa ni maarufu, bali kwa kuwa inauliza swali ambalo kila kijana anayetarajia kuajiriwa siku moja huenda akakutana nalo: mtu akifukuzwa kazi kwa sababu amesimama pamoja na wenzake, ni nani aliyemhukumu, na je, alisikizwa?

Sembène hakuyajua mambo haya kwa kusimuliwa tu. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mwaka 1923. Alikuwa askari katika jeshi la Wafaransa wakati wa vita vya pili vya dunia, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi huko. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1956, ilihusu kuli mweusi wa bandari hiyo hiyo. Baadaye alipata sifa kubwa kwa filamu zake, akafariki Dakar mwaka 2007. Wako wengi wanaomkumbuka kwa filamu tu. Nadhani wangalimfahamu vizuri zaidi kama wangalianza na kitabu hiki.

Jina la kitabu lataka kuelezwa. Watu wa hadithi hii waliamini kwamba kuwahesabu watu walio hai ni kuwafupishia maisha. Kwa hiyo mtu akitaka kusema wako wangapi, husema kuna vipande vya miti kadha wa kadha. Msomaji wa Kenya hatashangaa. Wako wazee wengi kwetu ambao ukiwauliza wana watoto wangapi au ng'ombe wangapi, watakujibu kwa kuzunguka, au hawatakujibu kabisa. Basi upande mmoja wa riwaya wako watu wasiopenda kuhesabiwa, na upande wa pili liko Shirika la Reli, ambalo kazi yake kubwa ni kuhesabu: saa, faranga, mabehewa, na vichwa vya watu. Aliyeandikwa katika daftari aweza kufutwa katika daftari. Kwa karani anayefuta, ni mstari mmoja wa wino. Riwaya nzima ni habari za yale yanayowapata watu walio chini ya mstari huo.

Wagomaji wa kitabu hiki hawaandikiwi barua ya kufukuzwa mmoja mmoja. Wanakatiwa mshahara, wanatishwa kwamba nafasi zao zitapewa wengine, na wakubwa wanangoja njaa iwarudishe. Mwanasheria aweza kubishana nasi kama hali hiyo iitwe kufukuzwa au iitwe jina jingine. Mama mwenye watoto hana nafasi ya ubishi huo. Risasi zipo katika kitabu hiki, na nyingi, tangu siku za mwanzo. Lakini silaha inayofanya kazi kila siku, asubuhi na jioni, ni nyingine. Bomba la maji linafungwa. Wenye maduka wanakatazwa kuwakopesha wake wa wagomaji. Ramatoulaye, mama mkubwa wa nyumba ya N'Diayène mjini Dakar, mwenye jamaa tele ya kulisha, anakwenda kwa mwenye duka aliyemzoea, anaomba mchele kwa deni kama desturi, anakataliwa. Mwenye duka si jahili. Ameambiwa tu kwamba asiwakopeshe, naye anaogopa. Hivi ndivyo amri ya mkubwa mmoja aliye ofisini inavyopita katika mikono ya watu wadogo mpaka ikafika jikoni.

Nduguye Ramatoulaye, Mabigué, ni tajiri na ni haji, na ana kondoo dume aliyenona ambaye jina lake ni Ijumaa. Siku moja kondoo huyo anaingia nyumbani mwa Ramatoulaye na kula mchele mchache uliobaki. Mama huyo, ambaye majirani hawajapata kumwona na ugomvi, anachukua kisu na kumchinja. Askari wanapokuja kudai nyama, wanawake wa mtaa wanawapiga kwa chupa na vijiti. Mwalimu akitaka wanafunzi wake waelewe maana ya kumnyima mtu kazi yake, na awasomee sura hizo. Watafahamu kwamba mtu hatoki langoni peke yake. Sufuria yake inatoka pamoja naye, inatelekwa na kuteremshwa tupu, na watoto wake wanaizunguka wakitazama.

Kuna silaha ya pili, nayo ni fedha. Doudou ni katibu wa chama mjini Thiès, ambako iko karakana kubwa ya reli. Si mtu shujaa. Usiku hapati usingizi, na kazi ya uongozi inamlemea. Isnard, mnyapara wake Mzungu, anamjia kwa siri, anamwahidi faranga 3,000,000 na cheo, ili akubali kuuvunja mgomo. Doudou anakumbuka kwamba miaka michache nyuma mafundi Waafrika walimwomba huyu huyu Isnard wapewe dakika kumi za kunawa kabla ya kutoka kazini, kama walivyopewa mafundi Wazungu, naye akawaambia kwanza wawe weupe. Kumbukumbu hiyo inammaliza Isnard. Napenda sana ukurasa huu. Mwandishi mwingine angalimpa Doudou hotuba ndefu juu ya uaminifu. Sembène anampa dakika kumi za maji na sabuni, nasi twajua kwa nini fedha nyingi namna ile haziwezi kumnunua mtu mwoga.

Juu ya Isnard yuko Dejean, mkurugenzi. Huyu hana haja na bastola wala hongo. Yeye ana hoja. Posho ya jamaa, asema, haiwezi kulipwa kwa watu wenye wake wengi. Lakini mwandishi anatuonyesha kwamba shida ya Dejean haiko katika hesabu. Akikubali kutoa posho hiyo, atakuwa amekiri kwamba Mwafrika ni mtu wa kulinganishwa naye, na kukiri huko kwake ni sawa na kushindwa vitani. Wawakilishi wa wagomaji wanapokaa mezani pake, hawasikilizi. Anajua hukumu kabla ya kesi.

Sasa naja kwenye sura ambayo naihesabu kuwa moyo wa kitabu, ingawa haina bunduki wala maandamano. Iko Bamako. Diara, mkaguzi wa tikiti, mtu mzima wa makamo, aliunga mkono mgomo pamoja na wenzake na kupokea msaada wa chama. Kisha akarudi kazini kwa siri, akapanda treni chache zilizokuwa zikisafiri. Zaidi ya hayo, aliwateremsha njiani wanawake wa wagomaji. Mwanzo vijana wa chama walikuwa wakiwawinda wasaliti na kuwapiga. Tiémoko, kijana mwenye mwili mkubwa na hasira za upesi, anachoka na mapigo, anataka jambo jingine. Amesoma kitabu alichokipata nyumbani kwa Bakayoko, kiongozi wao, na humo amepata wazo: Diara ashtakiwe mbele ya watu. Na Diara ni ndugu wa mzazi wake.

Wazee hawapendi. Mambo ya namna hiyo hayakuwa desturi. Hata hivyo watu wanakusanyika, na Diara anakalishwa mbele yao wote, na katika mkutano yumo Sadio, mwanawe wa kumzaa. Mashahidi wanasimama mmoja mmoja. Wanawake nao wanasema, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika mkutano wa wanaume. Diara hana la kujibu, ameinama. Ndipo Fa Keïta, mzee mcha Mungu ambaye tangu mwanzo aliona shaka juu ya kesi hiyo, anaomba kusema. Anawaambia vijana wasimguse. Aibu aliyoipata mbele ya watu imetosha, na wakimpiga watakuwa wamejifunza ukatili kwa mabwana wao. Watu wanatoka polepole, na katika ukumbi anabaki baba na mwanawe, na mwana analia.

Tazama sasa jinsi mahakama hii ya watu wenye njaa inavyosimama mkabala na mahakama ya Dejean. Diara ameambiwa kosa lake waziwazi. Walioumizwa naye wamesimama mbele ya macho yake. Amepewa nafasi ya kujitetea, ijapokuwa hakuitumia. Mzee amemwombea. Adhabu imepimwa, na aliyeipima ni mtu ambaye hakuipenda kesi yenyewe. Upande wa Shirika, maelfu ya watu wamehukumiwa njaa pamoja na wake zao na watoto wao, na hakuna aliyeulizwa neno. Sembène hatuambii kwamba tulinganishe. Anaziweka sura hizo katika kitabu kimoja na kutuacha na macho yetu. Huu, kwa maoni yangu, ndio werevu mkubwa wa riwaya hii, na ajabu ni kwamba wasomaji wengi hukimbilia maandamano na kuipita sura ya Diara upesi.

Wanafunzi wa Kenya watalijua jambo hili pia katika sheria za nchi yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa kosa amweleze kosa hilo kwa lugha anayoifahamu, mwenziwe wa kazi au mjumbe wa chama akiwapo, na asikilize jibu lake kabla ya kukata shauri. Kifungu cha 46 chasema kwamba uanachama wa chama cha wafanyakazi, na kushiriki katika mgomo ulio halali, si sababu za haki za kumwachisha mtu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, mwaka 1949, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulikuwa umepitisha Mkataba wa 98, unaokataza mtu kuadhibiwa kazini kwa sababu ya chama chake. Kenya iliukubali mwaka 1964, mara baada ya Uhuru. Lakini neno "halali" ni dogo na lina mlango mpana. Mgomo wahitaji usuluhishi kujaribiwa kwanza, kisha ilani ya siku saba, na mwajiri mwenye wakili hodari hutafuta siku iliyopungua. Hata mgomo wa reli wa 1947 wakubwa waliuita haramu, na kiongozi wake wa kweli, Ibrahima Sarr, alishtakiwa mahakamani kwa kuuongoza.

Hapa yafaa niseme jambo ambalo mwalimu mwangalifu atauliza: je, mambo yalikuwa kama kitabu kinavyosema? Si yote. Wafanyakazi sita wa reli waliuawa kwa risasi Thiès mwezi wa Septemba, 1938, katika mgomo uliotangulia, na kivuli cha vifo hivyo kimeanguka juu ya riwaya. Bibi mkongwe Niakoro, mama yake Bakayoko, hausahau mgomo wa zamani uliomtia katika msiba. Mgomo wa 1947 wenyewe ulikuwa na subira zaidi na damu kidogo kuliko ule wa kitabuni. Tena, maandamano makubwa ya wanawake kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar, mwendo wa kilomita kama 70, yakiongozwa na Penda anayekufa kwa risasi karibu na mwisho wa safari, ni kilele cha riwaya. Lakini mwanahistoria wa Kimarekani, Frederick Cooper, alipouchunguza mgomo huu hakuyakuta katika hati wala katika kumbukumbu za wazee. Simlaumu Sembène. Wanawake walilisha mgomo kwa miezi mitano na zaidi, nao hawakuandikwa katika daftari la mtu. Aliwatoa jikoni akawapitisha barabara kuu ili tuwaone. Lakini msomaji na ajue tofauti.

Jambo moja la kweli ambalo riwaya haikulitilia mkazo wa kutosha ni sharti la kurudi kazini. Makubaliano yaliyoumaliza mgomo yalisema kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa sababu ya kugoma. Kila aliyepata kusimama katika mgomo ajua kwamba sharti hilo lina thamani kuliko nyongeza ya mshahara. Nyongeza yaweza kuliwa na bei za sokoni katika mwaka mmoja. Bali wale kumi au ishirini waliosema mbele ya umati wakiachwa nje ya lango, wengine wote wanaingia wakiwa wamefundishwa kunyamaza, na somo hilo hawalisahau upesi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwa na somo letu wakati ule ule. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa karibu wiki mbili: bandari, reli, hoteli, hata kazi za majumbani. Wagomaji walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na chama chao, African Workers Federation, kikamchagua Chege Kibachia kuwa kiongozi. Mshahara uliongezwa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, akazuiliwa huko miaka kama kumi. Mwaka uliofuata, 1948, makuli wa bandari ya Unguja nao waligoma, na Adam Shafi akaja kuandika habari zao katika riwaya ya Kuli, iliyotolewa mwaka 1979. Vitabu hivi viwili vyafaa kusomwa pamoja. Adam Shafi anamfuata kijana mmoja, Rashidi, tangu utoto wake mpaka gatini, nasi twaona ufahamu wake ukikua kama mche. Sembène hana mche mmoja, ana msitu. Anaruka kutoka Bamako kwenda Thiès, na kutoka Thiès kwenda Dakar, na katika kurasa za kwanza msomaji hupotea katika majina. Asikate tamaa. Baada ya sura tano au sita majina hugeuka kuwa nyuso.

Sitasema kwamba kitabu hakina kasoro. Bakayoko, kiongozi anayengojwa na wote, ni mgumu mno; anapopata habari za msiba nyumbani kwake haachi kazi ya mgomo, na mwandishi haamui wazi kama huo ni ukuu au ni ubovu wa moyo. Wazungu wengi katika kitabu ni kama vinyago vilivyochongwa kwa shoka, kwa kazi moja tu ya kuchukiwa. N'Deye Touti, msichana aliyesoma, ambaye anazijua sinema za Ulaya kuliko mtaa wake, anachekwa kwanza na kuhurumiwa baadaye. Ningalipenda afahamike tangu mwanzo. Wasichana walio shuleni wanaomsoma leo watamtetea, nao watakuwa na haki.

Lakini kuna mtu mmoja anayenisumbua kuliko hao wote, nami siwezi kusema kama ni kasoro ya kitabu au ni ukweli wake. Jina lake ni Sounkaré, mlinzi mkuu wa karakana ya Thiès. Ni mzee, anachechemea, hana mke wala mtoto. Maisha yake yote ameyamaliza kati ya mashine, na mashine zikisimama anahisi kama moyo wake mwenyewe umesimama. Mgomo unapoanza anabaki mahali pake, kwa kuwa hana mahali pengine. Hakumsaliti mtu kwa fedha kama Diara; alikuwa ni mzee tu aliyezoea. Njaa inapomjia, wenye maduka hawampi, na watu wa mgomo hawampi. Anarudi karakanani, anaanguka katika shimo ambamo mafundi hushuka kutengeneza injini, na panya wanamla.

Sembène anaandika kifo hicho kwa utulivu unaotisha. Sasa nauliza: Sounkaré alishtakiwa wapi? Nani alisimama akasema kosa lake? Yuko wapi Fa Keïta wa kumwombea? Diara aliyesaliti alipata mahakama na mzee na mwana wa kumlilia. Sounkaré, ambaye hakufanya zaidi ya kukaa peke yake, alihukumiwa kimya kimya na pande zote mbili, kwa adhabu ile ile ambayo Dejean aliwapa wagomaji: kunyimwa chakula bila kuulizwa. Hapa riwaya inajisuta yenyewe. Mtu aliyeandika kwa ajili ya chama tu angalimwacha mzee huyo nje ya kitabu, au angalimfanya mwovu ili tusimsikitikie. Sembène, mwanachama wa chama, amemwingiza, akampa sura yake mwenyewe, wala hakumsingizia. Sijui riwaya nyingi za migomo zenye ujasiri huo.

Ukiwa na Sounkaré moyoni, utausoma mwisho wa kitabu kwa jicho lingine. Wakati wa mgomo wanagenzi wa karakana, watoto waliokosa kazi ya kufanya, walijipatia manati wakaanza kuvunja taa na vioo vya mtaa wa Wazungu. Isnard akawafyatulia bastola, akaua. Hakuna mahakama iliyomwita. Basi mgomo unapokwisha, na treni za Dakar na Bamako zinapoanza kwenda, watu wa Thiès wanakataa kurudi kazini mpaka Isnard aondoke. Mambo yamepinduka: sasa wafanyakazi ndio wanaomfukuza mnyapara. Nimepata kuwauliza vijana kama dai hilo ni la haki, na mara zote darasa limegawanyika. Wengine husema aliyeua watoto asiyeshtakiwa na serikali hana budi kuhukumiwa na watu. Wengine humkumbuka Fa Keïta, na huuliza Isnard alisikizwa lini. Wala si rahisi kuwajibu kwamba kesi yake haikuwa na shaka, kwa maana Dejean pia hakuwa na shaka.

Umati unakwenda usiku mpaka nyumba ya Isnard. Hawapigi kelele, hawarushi mawe. Wanasimama gizani wanangoja. Ndani, wenzake wanamwambia kwamba hana budi kuondoka. Mkewe, Béatrice, ambaye ameona miaka yao yote katika nchi ile imefutwa kwa neno moja, anashika bastola, anatoka nje, anawafyatulia watu. Askari waliowekwa kulinda nyumba wanapiga risasi, naye anaanguka penye mlango wake.